Mashariki mwa Congo: lupus si kansere, lakini akina mama wenye lupus wanaachwa bila kipimo

Katika mitaa ya Goma, Bukavu na Bunia, na katika vijiji ambako familia zilizokimbia vita zimepokelewa, kuna maneno matatu yanayozunguka juu ya ugonjwa wa lupus. La kwanza: "Lupus ni kansere ya damu, mtu akiipata amekwisha." La pili: "Dawa za lupus ndizo zinaleta kansere, heri kuziacha." La tatu halisemwi sokoni. Linasemwa katika vikao vya mipango ya afya, tena kwa sauti ya upole: "Magonjwa ya namna hii yangoje kwanza amani irudi."

Maneno yote matatu si kweli. Mawili ya kwanza yanatoka kwa watu ambao hakuna aliyewaeleza, na yanaweza kusahihishwa kwa maelezo mazuri ya dakika 10 kwenye redio. La tatu linatoka kwa watu waliosoma, wenye bajeti na magari. Hilo ndilo linaloumiza zaidi, na ndilo linalostahili kupingwa bila kuona haya.

Ugonjwa unaopewa majina yasiyo yake

Lupus ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Kinga ni walinzi ambao kila mtu amezaliwa nao, kazi yao ni kufukuza vijidudu. Kwa mtu mwenye lupus, walinzi hao wanageuka na kushambulia nyumba waliyopaswa kuilinda: ngozi, viungo, damu, mapafu, moyo, na mara nyingi mafigo. Watu wa Kivu na Ituri hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza mlinzi aliyegeuka anaweza kufanya nini.

Karibu watu 9 kati ya 10 wenye lupus ni wanawake, na kwa kawaida ugonjwa unaanza kati ya miaka 15 na 45, yaani wakati mama anazaa, analima na kufanya biashara. Watu wenye asili ya Afrika wanaupata zaidi kuliko wazungu, na kwao unashambulia mafigo kwa ukali zaidi. Hauambukizwi. Mtu hawezi kuupata kwa kula sahani moja na mgonjwa, kulala naye kitanda kimoja, au kunyonya maziwa yake.

Dalili zake zinachanganya. Kuna uchovu usioisha hata baada ya kulala. Kuna viungo vinavyouma na kuvimba asubuhi, homa inayorudi-rudi, nywele zinazokatika, vidonda mdomoni, na wekundu au weusi unaotanda juu ya pua na mashavu mawili kama mabawa ya kipepeo. Jua linauchochea. Mama anayeshinda shambani au kwenye foleni ya msaada bila kivuli, kisha analala chini ya bashi, anazidi kuugua, na watu wanasema ni mvivu.

Kwa sababu dalili ni nyingi, ugonjwa unapewa majina ya jirani. Unaitwa malaria isiyosikia dawa. Unaitwa tifoide. Unaitwa sida, hata kama kipimo kimesema hapana. Kivu ya Kusini unaitwa karuho, na familia inaanza kutafuta nani alitia sumu katika pombe. Miezi inapita, pesa zinaisha, shangazi mmoja anatuhumiwa bure, na mafigo yanaendelea kuharibika.

Hesabu inasema nini

Wale wanaosema lupus ni kansere wangesikiliza kwanza hesabu. Mwaka 2013 watafiti wa nchi mbalimbali, wakiongozwa na mganga Sasha Bernatsky wa Chuo Kikuu cha McGill kule Montréal, Canada, walitoa matokeo ya kazi kubwa. Walifuata watu 16,409 wenye lupus katika vituo 30. Kati yao walipata kansere 644. Wakalinganisha na idadi ya kansere ambazo zingetarajiwa kwa watu wa umri ule ule na jinsia ile ile katika nchi zile zile.

Jibu lilikuwa hivi: mahali ambapo zingetarajiwa kansere 100, walipata 114. Ongezeko lipo, ila si hukumu ya kifo. Watu wengi sana wenye lupus hawatapata kansere kwa sababu ya lupus.

Ndani ya hesabu hiyo kuna tofauti kubwa. Kansere ya matiti ilikuwa pungufu: 73 mahali pa 100. Kansere ya ukuta wa ndani wa tumbo la uzazi ilikuwa pungufu zaidi. Kwa upande mwingine, limfoma, yaani kansere inayoshika tezi na chembe nyeupe za damu, ilizidi mara 4. Kansere ya mapafu ilizidi pia, 130 mahali pa 100, na hapo sigara ina deni lake. Kansere ya sehemu za nje za uke ilizidi karibu mara 4.

Mtu akisikia "mara 4" anaogopa. Lakini limfoma ni ugonjwa wa nadra, na mara 4 ya jambo la nadra bado ni jambo la nadra. Kinachotakiwa ni macho kufunguka: uvimbe shingoni, kwapani au kwenye kinena ambao haupungui kwa wiki kadhaa, jasho linalolowesha nguo usiku, na mwili kukonda bila sababu. Lupus yenyewe inaweza kuvimbisha tezi na kuleta homa, kwa hiyo anayepaswa kutofautisha ni mganga. Jirani hawezi.

Kansere ambayo utafiti wa ng'ambo hauoni

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na hapa ndipo wapangaji wa afya wanapojificha.

Katika utafiti ule wa 2013, kansere ya shingo ya kizazi haikujitokeza wazi kati ya zile zilizoongezeka. Mtu mwenye nia ya kukataa huduma anaweza kushika karatasi hiyo na kusema: "Mnaona? Hakuna haja." Lakini tafiti nyingine zimeonyesha mara nyingi kwamba chembe zinazoanza kuharibika kwenye shingo ya kizazi, zile ambazo bado hazijawa kansere, zinapatikana zaidi kwa wanawake wenye lupus kuliko kwa wenzao, hasa wale waliotumia dawa kali za kupunguza kinga.

Mambo haya mawili yanapatana namna gani? Vituo vingi vya utafiti vilikuwa Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Huko mwanamke anaitwa kupimwa kila baada ya miaka michache. Chembe zikianza kuharibika, zinaonekana, zinaondolewa, na mama anarudi nyumbani. Hazifiki kuwa kansere, kwa hiyo haziingii katika hesabu ya kansere. Mwanamke wa Montréal ameokolewa kabla ya kuhesabiwa.

Mwanamke wa Masisi, Rutshuru, Kalehe au Djugu hana kipimo hicho. Chembe zile zile zinaanza kuharibika, hakuna anayeziona, zinaendelea. Hesabu ya Montréal haiwezi kumtuliza. Ikisomwa vizuri, hesabu hiyo inapaswa kuwaondolea usingizi wanaopanga afya ya Kivu, kwa sababu inaonyesha kwamba kinachomlinda yule wa ng'ambo ni kipimo tu.

Sababu ya kansere hii inajulikana vizuri kuliko sababu za kansere nyingi. Ni virusi vya papiloma, vinavyopitia katika tendo la ndoa. Harald zur Hausen, Mjerumani, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua uhusiano huo. Karibu kila mtu mzima anakutana na virusi hivyo wakati fulani, na kwa wengi kinga inavifukuza bila mtu kujua kitu. Kwa hiyo kuvikuta kwa mke si ushahidi wa uzinzi, na mume asivitumie kama fimbo.

Kinga ikiwa na nguvu, chembe zinazoharibiwa na virusi hivyo zinachukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuwa kansere. Kinga ikiwa dhaifu, Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema zinaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Ndiyo maana wanawake wenye virusi vya sida wako katika hatari mara 6 zaidi, na ndiyo maana wamewekewa utaratibu wao wa kupimwa. Mwanamke mwenye lupus anayekunywa dawa za kupunguza kinga yuko katika njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba huyu hana mpango wowote unaomtaja jina.

Mwaka 2022, wanawake karibu 660,000 duniani walipatikana na kansere ya shingo ya kizazi, na karibu 350,000 walikufa. Vifo 94 katika kila 100 vilitokea katika nchi maskini na zile za kipato cha kati. Huo ndio ugonjwa unaoambiwa ungoje amani.

Wanaosema dawa ndizo zinaleta kansere

Kuna chembe ya ukweli katika neno hili, ndiyo maana linaenea. Siklofosfamidi, dawa kali inayotolewa wakati lupus imeshika mafigo au ubongo, inaweza miaka mingi baadaye kuongeza hatari ya kansere ya kibofu cha mkojo, na inaongeza chembe mbovu kwenye shingo ya kizazi. Waganga wanajua hivyo. Kwa sababu hiyo wanaitoa kwa kipimo na kwa muda, wanamwambia mgonjwa anywe maji mengi ili dawa isikae kibofuni, na inafaa apimwe mkojo hata miaka baada ya kumaliza. Azatioprini nayo inahitaji kufuatiliwa, na inamtaka mtu alinde ngozi yake na jua.

Lakini wanaotangaza nusu ya ukweli huwa wanaficha nusu nyingine. Mafigo yakifa, mgonjwa wa Kivu hatangoja miaka 10 ili aogope kansere ya kibofu. Bila mashine ya kusafisha damu, anakufa kwa muda mfupi. Dawa inayoweza kuleta shida kesho inatolewa ili mtu afike kesho.

Na dawa ambayo karibu kila mwenye lupus anapaswa kuitumia, hidroksiklorokwini, haileti kansere. Ni ndugu wa klorokini ambayo wazazi wengi walikunywa zamani kwa malaria. Inapunguza mashambulizi ya lupus, inalinda mafigo, na inawasaidia wagonjwa kuishi miaka zaidi. Iko katika orodha ya dawa muhimu ya OMS. Sharti lake kubwa ni kutokuzidisha kipimo, na kupimwa macho, kwa sababu ikitumika miaka mingi inaweza kuharibu sehemu ya ndani ya jicho.

Halafu kuna biashara ya kotizoni. Katika masoko ya Congo, vidonge vya deksametazoni vinauzwa mkononi kwa watu wanaotaka kunenepa, na mtu mwenye maumivu ya viungo anavichanganya na vingine bila kupimwa kitu. Anapata nafuu siku tatu, uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inalegea, na kinga inashuka bila mganga yeyote kujua. Muuzaji anayemwambia mama aache dawa za hospitali kwa sababu "zina kansere", kisha anamuuzia kotizoni ndani ya karatasi ya gazeti, ni mtu wa kuogopwa kuliko dawa anazozisema vibaya. Tena anayetumia kotizoni kwa muda mrefu asiiache ghafla, kwa sababu mwili unakuwa umesahau kutengeneza ya kwake na mtu anaweza kuzimia na kufa. Inapunguzwa polepole chini ya macho ya mganga.

Vyumba vya maombi navyo vina sehemu yao. Hakuna anayekataza mtu kuomba, na katika miaka hii ya vita sala imewashikilia watu wengi wasianguke. Lakini mchungaji anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ili kuonyesha imani anachukua mzigo ambao hatakuwepo kuubeba siku mafigo yatakapofunga. Mtu anaweza kuomba na kumeza dawa asubuhi ile ile.

"Wangoje amani"

Sasa neno la tatu. Wanaolisema wana hoja, na ni haki hoja hiyo isikilizwe. Wanasema kuna kipindupindu. Kuna mpox. Kuna surua, kuna watoto wenye utapiamlo, kuna majeruhi wa risasi. Mwanzoni mwa 2025 vita iliingia Goma, kambi nyingi za pembeni ya mji zikabaki tupu na watu wakatawanyika tena, uwanja wa ndege na benki vikafungwa. Katika hali hiyo, nani ana muda wa lupus na kansere?

Kwanza, hakuna anayeomba kipindupindu kiachwe. Swali ni kama huduma moja inazuia nyingine, na hapa haizuii. Kupima shingo ya kizazi kwa siki, ile wengine wanaiita vinegri, hakuhitaji ndege wala laboratwari. Kunahitaji muuguzi au mzalishaji aliyefundishwa, kitanda, taa, kifaa safi cha kufungulia uke, pamba, na siki iliyopimwa asilimia 3 hadi 5. Muuguzi anapaka siki, anangoja dakika moja au mbili, na sehemu yenye chembe mbovu inageuka nyeupe. Jibu linatoka pale pale. Nyingi ya sehemu hizo zinaweza kutibiwa kwa kifaa kidogo cha betri kinachochoma kwa joto, bila mama kulala hospitali. OMS iliruhusu matibabu hayo katika mwongozo wake wa 2019.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Kwa mwanamke aliyekwisha kuacha kuona siku zake hakiaminiki, kwa sababu sehemu inayotazamwa inakuwa imerudi ndani. Kinategemea jicho la aliyefundishwa vizuri. Kipimo bora zaidi ni kile kinachotafuta virusi vyenyewe, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba nyuma ya pazia. Mashine za GeneXpert ambazo hospitali zinatumia kupima kifua kikuu zinaweza kufanya kazi hiyo zikipewa kartushi zake. Mashine imekwisha kununuliwa. Kinachokosekana ni kartushi, na mtu wa kuamua.

Pili, hoja ya kuhama inajigeuka dhidi ya wanaoitoa. Wanasema haifai kupima watu ambao kesho watakuwa mahali pengine. Kumbe ni kwa sababu kesho watakuwa mahali pengine ndiyo wanahitaji kipimo kinachojibu leo na kutibu leo. Mama aliyekimbia kutoka Masisi hadi Goma, kutoka Goma hadi Minova, kisha akarudi, hana nafasi ya kungoja matokeo mwezi mmoja. Ana nusu saa siku ile alipoleta mtoto kwenye chanjo. Nusu saa hiyo inatosha.

Tatu, wanasema wenye lupus ni wachache. Wachache kwa hesabu ya nani? Kuthibitisha lupus kunahitaji vipimo vya damu ambavyo vituo vingi vya afya havina, na mganga wa kuvisoma. Mahali ambapo hakuna anayetafuta, hakuna kinachoonekana. Kisha ukosefu huo huo wa kutafuta unaletwa mezani kama ushahidi kwamba ugonjwa haupo. Hiyo ni hesabu ya mtu anayefunga macho na kutangaza kwamba ni usiku.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, kungoja kuna bei. Chembe mbovu iliyoonekana mapema inatibiwa kwa dakika chache. Kansere iliyoenea inahitaji upasuaji mkubwa, dawa za kansere na mashine za miale, na mgonjwa wa vijijini Kivu anayehitaji miale hana budi kusafiri mbali sana, akiwa na pesa na karatasi ambazo wakimbizi wa ndani hawana. Familia inauza shamba ambalo tayari haiwezi kulifikia. Anayesema hakuna pesa za kipimo anaihamishia gharama kwenye mfuko wa familia, ambayo italipa mara nyingi zaidi, na mwishoni italipa jeneza.

Amani yenyewe haina tarehe. Mashariki mwa Congo pana wasichana waliozaliwa vitani, wakaolewa vitani, na sasa wanazaa vitani. Kama afya ya mwanamke ingengoja bunduki zinyamaze, mama zao wangekuwa bado wanangoja.

Mahali pa kuanzia papo

Hakuna anayedai mpango mpya wenye jina refu na magari mapya. Milango ipo tayari. Inatakiwa tu wenye lupus waruhusiwe kuipita.

Mlango wa kwanza ni huduma za sida. OMS inashauri mwanamke mwenye virusi vya sida aanze kupimwa shingo ya kizazi akiwa na miaka 25, na arudie kila miaka 3 hadi 5. Nchini Marekani, miongozo ya waganga inawaweka wanawake wenye lupus wanaotumia dawa za kupunguza kinga katika utaratibu huo huo. Zone za afya za Kivu na Ituri zinaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuongeza mstari mmoja katika rejista: "anatumia dawa za kupunguza kinga". Mstari huo ungewafaa pia wagonjwa wengine wanaotumia dawa hizo kwa magonjwa ya viungo au ya mafigo.

Mlango wa pili ni kliniki za wajawazito, za uzazi wa mpango na za chanjo ya watoto, ambako mama anafika hata wakati wa vita. Mlango wa tatu ni vituo vinavyowapokea walionusurika na ubakaji. Huko mama anapewa, ndani ya saa 72, dawa za kuzuia sida. Virusi vya papiloma vingeweza kupita siku ile ile, na havionyeshi kitu kwa miaka. Akirudi baadaye, moyo ukiwa umetulia na akikubali mwenyewe, apewe nafasi ya kupimwa. Asilazimishwe. Asifichwe pia kwamba nafasi hiyo ipo.

Mlango wa nne ni chanjo. Rwanda, jirani mwenye milima na mashamba kama ya Kivu, ilianza mwaka 2011 kuwachanja wasichana wote dhidi ya virusi vya papiloma, ya kwanza Afrika kufanya hivyo nchi nzima. Siasa ina mahali pake. Virusi havijui mpaka wala bendera. Chanjo hii haina virusi hai, kwa hiyo hata msichana mwenye lupus anaweza kuipata. OMS imeweka shabaha kwa nchi zote hadi mwaka 2030: wasichana 90 kati ya 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, wanawake 70 kati ya 100 wawe wamepimwa, na 90 kati ya 100 wa wale waliokutwa na tatizo wawe wametibiwa. Hakuna kifungu katika shabaha hiyo kinachosema "isipokuwa Kivu".

Kwa mashirika ya msaada, jambo la haraka ni hidroksiklorokwini katika masanduku ya dawa. Familia ikikimbia usiku, dawa za lupus zinabaki nyuma pamoja na sufuria. Mwezi mmoja bila dawa unaweza kuamsha ugonjwa uliokuwa umelala, na ugonjwa ukiamka unahitaji zile dawa kali ambazo ndizo zinaongeza hatari ya kansere. Vidonge vya bei ndogo leo vinaepusha sindano kali kesho. Mhasibu yeyote angeelewa hesabu hiyo.

Mgonjwa mwenyewe naye ana kazi. Aandike majina ya dawa zake na kipimo chake kwenye kikaratasi, akifunge katika plastiki pamoja na fishi ya hospitali, akivae mwilini wakati wa kukimbia. Ajikinge na jua kwa kitenge, kofia na mikono mirefu. Aache sigara, na walio nyumbani wasivutie ndani. Akifika mbele ya muuguzi, aseme wazi: "Nina lupus, ninatumia dawa za kupunguza kinga, ninaomba kupimwa shingo ya kizazi." Asione haya kurudia ombi hilo mara ya pili na ya tatu. Na asingoje hata wiki akiona damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kuacha kuona siku zake, maji yenye harufu mbaya yanayotoka ukeni, damu katika mkojo, au uvimbe mpya katika titi, shingo au kwapa.

Waume, wakwe na kaka wanaosikiliza redio jioni wanahusika pia. Mama mwenye lupus anayelala mchana hakulogwa na si mvivu. Nauli ya pikipiki ya kumpeleka kupimwa ni ndogo kuliko pesa zilizokwisha kwa mganga wa kienyeji kutafuta nani alimpa karuho.

Lakini mzigo mkubwa usiachwe mgongoni mwa mgonjwa. Wakuu wa zone za afya na mashirika yanayofanya kazi nao wanakutana mara kwa mara kugawa dawa na bajeti. Katika kikao kijacho, kabla ya mtu yeyote kusema tena kwamba magonjwa haya yangoje, wawakilishi wa shirika la raia na wa watu waliohama waombe majibu ya maswali matatu, yaandikwe katika ripoti: ni vituo vingapi katika zone hii vinapima kwa siki leo, hidroksiklorokwini iko ngapi katika ghala, na mwanamke mwenye lupus aliyefika wiki iliyopita aliambiwa aende wapi.